Gauni Halina Mama: Miaka Yangu ya Kupiga Picha za Harusi Tarime na Serengeti

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika kamera. Nilishika ubao mweupe wa godoro gumu, ule wanaofungia televisheni mpya, nikasimama nao juani tangu saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, nikiurudisha mwanga kwenye nyuso za maharusi. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa, mjane mwenye watoto watatu, na hadi wiki iliyotangulia nilikuwa nikishona sare za shule kwa cherehani pale sokoni Tarime. Mikono iliniuma, lakini ubao sikuushusha.

Mwenye studio tulimwita Mkurugenzi. Studio yenyewe ilikuwa vyumba viwili na pazia lenye picha ya maporomoko ya maji, ila yeye alitaka cheo, nasi tulimpa. Alikuwa mtu wa kutoka Mwanza, mrefu, mwenye sauti ya kusikika barabara ya pili. Kamera za filamu ndiyo kwanza zilikuwa zinawekwa kabatini, na yeye alikuwa mmoja wa watu wa mwanzo mjini kwetu kununua kamera ya dijitali, ile inayohifadhi picha kwenye kadi ndogo kama kipande cha biskuti.

Jioni ile alinionyesha picha mbili alizopiga mimi nikiwa nimeshika ubao. Katika ya kwanza gauni la bi harusi lilikuwa safi, kila ua la lesi linaonekana, lakini uso wake ulikuwa giza tupu. Katika ya pili uso ulionekana vizuri, macho na machozi, na gauni likawa jeupe lisilo na mikunjo.

"Ipi nzuri?" aliniuliza.

Nikamwambia ya kwanza, kwa kuwa mimi ni fundi nguo.

"Umekosea, Rhobi. Kamera haina akili. Ikiona kitu cheupe inadhani mwanga umezidi, inafunga jicho lake, na mtu mweusi anapotea. Wewe pimia usoni. Gauni halina mama. Uso una mama, na mama huyo atakuja kesho kuuliza mwanawe yuko wapi."

Somo hilo nimelifundisha kwa kila aliyepitia mikononi mwangu. Harusi za kwetu hufanyika nje, uani, kwenye viwanja vya shule na vya makanisa, na jua la saa saba halibembelezi mtu. Anayevaa kofia anakuwa na kivuli hadi mdomoni. Turubai la bluu linawafanya watu wote waonekane wagonjwa. Nilijifunza kuwasogeza watu ukingoni mwa turubai, pale kivuli kinapokutana na mwanga, na kutumia flashi hata mchana. Wageni walinicheka sana kwa hilo. "Huyu mama anawasha taa juani!" Niliwaacha wacheke.

Baada ya mwaka na miezi kadhaa Mkurugenzi alinituma peke yangu kwenye harusi kijijini Nyarero. Nilipakata begi la kamera kifuani juu ya bodaboda, nimevaa suruali na juu yake kitenge. Shangazi wa bwana harusi alinipokea akitazama nyuma yangu.

"Mpiga picha yuko wapi?"

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe utapanda juu ya meza mbele ya wakwe?"

"Nitapanda, mama. Ndiyo maana nimevaa suruali."

Nilipanda. Picha ya ukoo mzima, watu zaidi ya sitini na ng'ombe wawili waliojiingiza wenyewe, ilikaa ukutani kwa shangazi yule kwa miaka. Tangu hapo nilikuwa natumwa peke yangu kila Jumamosi, na hivyo ndivyo nilivyofika Matongo, kwenye harusi ambayo sijaisahau hata siku moja.

Bi harusi aliitwa Bhoke. Baba yake, Mzee Mwita, alikuwa mfugaji anayeheshimiwa pale kijijini. Bwana harusi, Masanja, alikuja kutoka upande wa Shinyanga kutafuta dhahabu, akaishia kumpata Bhoke. Mzee alikataa ndoa ile miaka miwili mizima. Alisema mchimbaji ni mtu wa kupita, leo yuko shimoni, kesho yuko mkoa mwingine, na binti atabaki na watoto. Masanja hakupita. Alijenga nyumba, akalima, akawa anakwenda kumsalimia mzee kila Jumapili na kurudi bila kukaribishwa ndani. Mwisho mzee alitamka kwamba atabariki, tena mbele ya watu wote.

Bhoke alinijia studio wiki moja kabla. Alikuwa msichana wa maneno machache.

"Dada Rhobi, keki na mengine yote piga utakavyo. Ila tata akinibariki, nataka picha. Wajomba zangu wamekataa kuja, wanasema hatabariki, na wakisikia amebariki watasema tumezua. Halafu tata hana picha yoyote. Ile ya kitambulisho anasema inamwonyesha kama mtu aliyekamatwa."

Nilimwahidi kwamba tata wake, yaani baba, atapata picha.

Siku yenyewe tulianza kanisani. Ibada ilipokwisha, Mkurugenzi, aliyekuwa amekuja na gari lake, alichukua kadi ya picha za kanisani kurudi nayo mjini aanze kusafisha, yaani kuzichapa, kwa sababu wakwe wa Shinyanga walitaka kuondoka na albamu. Nikabaki na kadi moja. Wakati ule kadi ya pili ya akiba kwetu ilikuwa anasa.

Saa saba tulikuwa uani kwa Mzee Mwita. Alitoka ndani amevaa koti la kijivu lililomzidi mabega. Uwanja ulinyamaza, hata aliyekuwa akipiga litungu, ala yetu ya nyuzi, alizishika nyuzi zisilie. Mzee aliwaketisha maharusi mbele yake, akachukua kibuyu cha uji wa wimbi, akanywa funda, akamshika Masanja kichwa, akawapulizia vifuani. Akasema maneno ya Kikurya ambayo sitayaandika hapa, kwa kuwa yalikuwa yao. Kisha, mkono ukiwa bado kichwani mwa Masanja, akamwita mwanangu. Nilipiga picha zote hizo nikiwa nimepiga goti kwenye mavi ya ng'ombe, na nilijua nimezipata. Mpiga picha hujua kabla hajaangalia.

Baada ya hapo nikapiga ndugu, marafiki, majirani, hadi kadi ikakaribia kujaa. Tukaitwa turubaini kwa ajili ya chakula na keki. Nikaona nifute picha chache mbaya, zile za watu waliofumba macho, nipate nafasi. Jua lilikuwa kali na kioo cha nyuma ya kamera kilikuwa kinameremeta tu, sioni herufi. Kamera inauliza: futa hii, au futa zote? Nilibonyeza kwa mazoea. Mkono ulikuwa na jasho. Kisha nikaanza kupiga maharusi wakiingia kwa kucheza, picha ya kwanza, ya pili, ya tano. Ndipo nilipoona ile hesabu ndogo pembeni ikiniambia nina nafasi tele, mamia kwa mamia.

Nilikuwa nimefuta zote.

 Nilitoka nyuma ya turubai, nikajiinamia karibu na masufuria ya wali, nikampigia simu Mkurugenzi.

"Piga!" alisema. "Umesikia? Endelea kupiga. Keki ndiyo harusi. Hayo mengine tutawaambia kadi imekufa. Kadi zinakufa kila siku."

"Mkurugenzi, kuna baraka ya mzee mle."

"Mzee yupo hai, atapigwa siku nyingine. Rudi turubaini!"

Sasa niwaeleze vijana jambo ambalo wakati ule tulilijua wachache. Picha ikifutwa kwenye kadi haiondoki papo hapo. Kinachofutwa ni orodha, kama mtu aliyechana ukurasa wa yaliyomo katika kitabu na kuziacha kurasa nyingine. Lakini kila picha mpya unayopiga inakwenda kuandikwa juu ya zile za zamani, na ikishaandikwa juu, basi, zile zimekwenda. Nililisikia hilo kwa fundi mmoja wa kompyuta Mwanza, tulipopeleka mashine ya studio kutengenezwa. Nilikuwa nimeshapiga picha tano. Kila picha ya keki ingekuwa inamla Mzee Mwita kipande.

Kadi nyingine haikuwepo. Mjini kulikuwa mbali kwa barabara ile, hata bodaboda angekwenda na kurudi angekuta watu wanakunja viti. Nilitoa kadi kwenye kamera, nikaifunga kwenye pindo la kanga kiunoni, fundo mara mbili. Kisha nikapita katikati ya watu hadi meza kuu, nikachuchumaa nyuma ya kiti cha Bhoke.

"Nimefuta picha za baraka," nilimwambia sikioni. "Ni kosa langu, si la kamera. Nikiacha kupiga sasa hivi huenda zikapatikana. Nikiendelea, hazitapatikana. Chagua wewe."

Hakugeuka. Niliona kidole chake kikizungusha pete mpya.

"Ingekuwa harusi yako ungefanya nini?"

"Ningeacha keki."

"Basi acha keki."

Mwenyekiti wa kamati ya harusi, mwalimu mstaafu mwenye suti ya kahawia, alikuwa ameshaona sipigi. "Mpiga picha! Mpiga picha uko wapi, keki hii!" Mama yake Masanja, aliyesafiri siku nzima kuja, alikuwa ameshasimama karibu na keki amejipanga, kilemba kimekaa sawa. Ningeweza kubonyeza kamera tupu, flashi ikawaka, wote wakafurahi, na kesho nikaja na uongo. Wapo waliofanya hivyo, nawajua. Mimi niliomba kipaza sauti.

Nikasema: "Ndugu zangu, mimi ndiye mpiga picha. Nimeharibu. Nimefuta picha za mzee akibariki, na ili nizitafute siwezi kupiga nyingine. Mwenye simu yenye kamera aje hapa mbele atusaidie keki. Msimlaumu mtu mwingine yeyote."

Kelele zilizofuata sitaki kuzikumbuka zote. Mwenyekiti aliniita mzembe. Mama Masanja alikaa chini akaangalia pembeni. Lakini wachimbaji wanne, rafiki za Masanja, walitoka na visimu vyao vya wakati ule, nami niliwapanga. Nikawaambia jua liwe mgongoni kwao, wasogee, wasitumie ile ya kuvuta karibu, wabane viwiko kifuani mikono isitikisike. Nilifanya kazi siku ile kuliko siku nyingine zote, bila kamera mkononi. Nilipogeuka nilimwona Mzee Mwita amesimama kando ananitazama. 

Kesho yake asubuhi nilipanda basi la Mwanza, kadi bado iko kwenye pindo la kanga. Yule fundi alikuwa mtu mfupi, mtafuna karanga. Aliichomeka kadi kwenye mashine yake.

"Umepiga ngapi baada ya kufuta?"

"Tano."

"Tano tu? Kwenye harusi?" Akaacha kutafuna. "Watu huja hapa wamepiga mia mbili, halafu wanalia. Kaa."

Nilikaa kwenye kigoda siku nzima. Mstari wa kijani ulikuwa unatambaa kwenye kioo, picha zinatokea moja moja: shangazi, watoto, mbwa, shangazi tena. Nyingine zilikuja na mistari ya rangi, nyingine kijivu kitupu. Alasiri likatokea koti la kijivu. Picha saba za baraka zilikuwa zimebaki. Sita zilikuwa vipande. Moja ilikuwa nzima kuanzia juu hadi magotini, na chini yake kijivu: mzee amejaza mashavu, mkono wake juu ya kichwa cha Masanja, matone ya uji yamesimama hewani, Bhoke amefumba macho, Masanja ameyafumbua. Nililia mbele ya yule fundi, naye akanisogezea karanga.

Mkurugenzi hakulia. Alisimama mlangoni mwa studio akasema, "Umeniaibisha wilaya nzima. Umeshika kipaza sauti watu wajue kwamba tunafuta picha!" Nikamwambia walijua kwa sababu tulifuta. Akaniambia kesho nisije. Sikwenda. Niseme pia, kwa haki yake, kwamba miezi michache baadaye nilimkuta dukani akinunua kadi tatu kwa mpigo, akanisalimia kwa jina.

Picha niliipeleka Matongo mwenyewe. Mzee Mwita aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na macho, akaileta karibu.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe, tata."

"Miguu yangu iko wapi?"

"Imefutika. Ni kosa langu."

Aliendelea kuitazama. "Miguu haidai kitu," alisema. "Kichwa cha huyu kijana kipo, na mkono wangu upo juu yake. Wajomba wa Bhoke waje waone." Akamwita mkewe alete msumari.

Wajomba walikuja, wakaona. Bhoke na Masanja wapo hadi leo, na mtoto wao wa kwanza ameshamaliza shule. Mama Masanja hakunisamehe. Tulikutana tena kwenye ubatizo, nikamwamkia, akaitikia kwa kichwa tu. Ni haki yake. Picha ya keki aliyonayo imepigwa kwa simu, na kilemba chake ndani yake kimekuwa ukungu mwekundu.

Baada ya hapo nilijitegemea. Nilirudi kwenye cherehani mwaka mzima hadi nikapata kamera yangu, iliyotumika, na kadi nne kabla hata sijanunua lenzi ya pili. Nilijiwekea sheria: sifuti chochote uwanjani, hata picha ya kidole changu. Kadi iliyojaa inaingia kwenye kopo lenye kifuniko, na kopo linaning'inia shingoni.

Kazi ilinipeleka hadi Serengeti, upande wa Natta, ambako kambi moja ya watalii ilianza kufungisha harusi mbugani. Bosi wangu huko alikuwa Meneja wa kambi, mwanamke mkavu kutoka Arusha aliyetembea na saa mbili, moja mkononi na nyingine shingoni. Siku ya kwanza aliniambia, "Hapa upepo ndio mwenye harusi. Ukibadilisha lenzi nje, umeua kamera." Alisema kweli. Vumbi la kiangazi la kule ni laini kama unga wa muhogo. Likiingia ndani ya kamera linakaa kwenye kile kioo kinachopokea mwanga, na kila picha inakuwa na madoa angani. Nilijifunza kubadilisha lenzi ndani ya mfuko wa nguo nilioushona mwenyewe, kwa kupapasa, kama mtu anayetoa kifaranga chini ya mama yake.

Wageni wa kambini walitaka wanyama nyuma yao. Watu wa Natta wenyewe, waliokuwa wakifanya kazi pale kambini na kufunga harusi zao vijijini, walisema, "Mama, wanyama tumewachoka, wanakula mahindi yetu. Tupige na nyanya." Nikawapiga na bibi zao. Niliipenda kazi ile miaka sita. Meneja alipohama alinipa ile saa ya shingoni, akasema hakuwahi kunisubiri hata mara moja. Sijapata sifa nyingine kubwa kuliko hiyo.

Zikaja simu zinazopiga picha nzuri, zikaja kamera za kuruka angani kama nyuki mkubwa. Wenzangu wengi waliacha kazi wakilalamika. Mimi niliwaita wageni wenye simu wasimame karibu nami, nikawaelekeza, kwa kuwa nilijua watu wale wanaweza kukuokoa. Kilichonistaafisha ni jicho la kulia. Nilianza kuona nyuso zenye ukungu, nikidhani lenzi ni chafu. Nilisafisha lenzi wiki nzima. Kisha nikafumba jicho moja, nikafumba jingine, nikajua. Nilimaliza harusi mbili nilizokuwa nimekubali, nikiitegemea kamera itafute fokasi yenyewe, na ya tatu nikaikataa. Nimepasuliwa, naona vya kutosha kulima na kupika, lakini si vya kutosha kuchukua siku ya mtu mikononi mwangu.

Vijana wananiuliza kamera gani ni bora. Mimi nawaambia watunze picha. Kwenye kabati langu hapa Nyarero kuna visanduku vya kumbukumbu vya kompyuta, na kila mwezi naviwasha kimoja kimoja kuona kama bado vinasoma. Nimegundua kitu ambacho hakuna bosi aliyenifundisha: kwetu watu wengi hupigwa picha nzuri mara moja tu, tena kwenye harusi ya mtu mwingine. Wanakuja kuzitafuta wakati wa msiba.

Mwezi uliopita alikuja mwanamke kutoka upande wa machimbo. Mume wake, mtu wa Geita, alifariki kwa homa, na simu iliyokuwa na picha zao iliibwa zamani. Alikumbuka tu kwamba mumewe alialikwa kwenye harusi ya mwenzake Matongo, miaka mingi imepita, na kwamba kulikuwa na mama anayepiga picha. Sikuweza kumtafuta peke yangu kwa macho haya. Tulikaa mezani siku mbili, mimi nikibonyeza, yeye akiangalia. Harusi baada ya harusi, turubai la bluu, turubai la kijani, meza ya keki, vijana wanaruka.

Siku ya pili, karibu na saa tano, alinishika mkono.

"Simama hapo. Rudi nyuma moja."

Ilikuwa picha ya maharusi wakilishana keki, harusi nyingine ya Matongo, baada ya ile ya Bhoke. Nyuma yao, karibu na nguzo ya turubai, palikuwa na wanaume watano wenye sahani. Wa katikati alikuwa anacheka, kiganja kikikaribia mdomo.

"Anaficha pengo," alisema. "Alikuwa anafanya hivyo kila akicheka."

Nikamkuza hadi uso ukajaa kioo. Ulitosha kuchapwa. Nikamwuliza kama nikate niwaondoe wale wengine, abaki peke yake, maana wa kushoto alikuwa na bega mbele ya kifua chake.

Aliwatazama wote watano kwa muda.

"Waache, mama," alisema. "Alipenda watu."